Muuguzi wa Kasongo anayeulizia wakwe kabla ya kupima homa

Saa tatu asubuhi, Régina Mangaza anasimama mbele ya kitanda cha mgonjwa mpya, bwana wa makamo aliyeletwa kwa pikipiki kutoka upande wa Kabambare akiwa na jipu kubwa pajani. Vumbi jekundu la barabara bado limemganda kwenye nyusi. Anasubiri kuulizwa anaumwa wapi.

"Baba, uko na mukwe humu ndani?" Régina anamuuliza.

Mgonjwa anamtazama mkewe. Mkewe anatazama sakafu.

"Mukwe? Mama, mimi niko na jipu."

"Jipu nimeliona. Naulizia mukwe. Angalia vitanda vyote, polepole, halafu unijibu."

Bwana yule anajiinua kwa kiwiko na kuanza kukagua wodi, kitanda baada ya kitanda. Wagonjwa wenzake wanamsaidia. Wengine wanafunua shuka ili waonekane vizuri, na bibi mmoja wa upande wa dirishani anapaza sauti, "Mimi si mukwe yako, mwanangu, lala!" Wodi nzima inacheka. "Hakuna," anasema mwishowe. Régina anabonyeza kitu kwenye kishikwambi alichokibeba kwapani, kisha ndipo anapotoa kipimajoto.

Mgeni anaweza kudhani mama huyu anapenda utani, na kweli anaupenda. Lakini swali hilo si la utani. Lipo kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Nyangwe ambaye mwaka jana alikaribia kufa katika wodi hii, kimyakimya, huku kengele ya kumwokoa ikilia kwa sauti kubwa kwenye kitanda cha mtu mwingine.

Régina ana miaka arobaini na moja. Alizaliwa Lusangi katika familia ya wakulima, Wabangubangu wa kanisani, na alikuja Kasongo kusomea uuguzi akiwa binti mdogo. Hospitali anayofanyia kazi ni ya kawaida kwa huku: majengo ya matofali, kisima uani, jiko la nje ambako jamaa za wagonjwa wanapika. Kwenye wodi ya upasuaji, wauguzi wawili wanahudumia wagonjwa karibu arobaini kwa zamu. Mshahara wa serikali unakuja ukipenda, anasema, na marupurupu nayo yana tabia hiyohiyo.

Kazi nyingine yote inafanywa na jamaa. Kila mgonjwa analetwa na mtu wake wa kumwosha, kumpikia na kumgeuza kitandani, na huyo hapa wanamwita garde-malade. Bila wao wodi ingesimama siku hiyohiyo.

Adui anayemnyima Régina usingizi ana jina la kitaalamu, sepsisi. Watu wa mtaani wanasema damu imeharibika. Maambukizi yanaanzia mahali padogo, kwenye kidonda, kwenye mshono, kwenye mfuko wa uzazi, kisha mwili wote unachanganyikiwa: moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, shinikizo la damu linashuka. Mgonjwa akiwahiwa, dawa zinafanya kazi. Akicheleweshwa nusu siku, mara nyingi ni habari nyingine.

"Haipigi hodi," Régina anasema. "Asubuhi mutu anakula, anakusalimia. Jioni unamufunika. Shangazi yangu kule Lusangi alienda hivyo, nyuma ya kuzaa. Wote tulisema ni homa ya kawaida."

Ndiyo maana mashine zilipokuja alizipokea kwa mikono miwili. Shirika moja lilileta vishikwambi vichache vinavyochajiwa kwa jua. Muuguzi anaingiza joto, mapigo, pumzi na shinikizo la kila mgonjwa. Maabara nayo inaingiza majibu ya damu kutoka chumba chake. Mashine inajumlisha. Hesabu ikielekea pabaya, inalia kwa mlio mkali na kuonyesha namba ya kitanda, na haikai kimya mpaka muuguzi aguse kimoja kati ya vitufe viwili: cha kumwita daktari, au cha kusema hakuna kitu.

Miezi ya mwanzo, kitufe cha pili ndicho kilichochoka. Mashine ililia kwa mtu aliyetoka kutembea juani. Ililia kwa kijana aliyepimwa mapigo huku akisikiliza mpira redioni. Wauguzi wengine walianza kuinyamazisha bila kuinuka kwenye kiti.

"Mimi pia ilinichosha," Régina anasema. "Ila nilijiwekea sharti moja. Kila ikilia, niende. Nikafike, nione mutu, ndio niguse."

Sasa ije siku yenyewe.

Mwaka jana upepo mkali ulikuwa umeng'oa paa la wodi ya wanawake, mabati yakaenda kuonekana kwenye mashamba ya mihogo. Wanawake wakahamishiwa upande mmoja wa wodi ya wanaume. Katikati likatundikwa pazia la vitenge vilivyoshonwa pamoja, ambalo kukiwa na upepo kidogo tu halimfichi mtu.

Upande wa wanaume, kwenye kitanda cha tisa, alikuwepo Ramazani Feruzi, fundi cherehani wa mjini Kasongo aliyevunjika paja kwa kuanguka na pikipiki. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga ili mfupa unyooke, kwa hiyo hakuwa mtu wa kwenda popote. Ramazani ndiye aliyekuwa redio ya wodi. Habari zote za mji zilipitia kwake, na akikosa habari alitunga.

Kisha, siku moja, wodi ikapokea mgonjwa wa dharura kutoka Nyangwe: Mama Mwadjuma Sefu, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, ngiri imembana. Akapasuliwa siku hiyohiyo, upasuaji ukaenda vizuri. Kitanda kilichokuwa wazi ni cha sita, kinachotazamana na cha tisa uso kwa uso. Akalazwa pale.

Mama Mwadjuma ni mama yake Latifa. Na Latifa ni mke wa Ramazani.

Anayeijua Maniema hahitaji kuelezwa zaidi. Mkwe huku ni mtu wa heshima nzito. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, hapiti karibu yake, hamtazami machoni. Akimwona njiani anakata kona. Na mama naye hawezi kulala, kufunuliwa kidonda wala kulia kwa maumivu mkwewe akisikia. Sasa wawili hao wakawa wamelazwa hatua chache tu wakitazamana, mmoja amefungwa kwenye mchanga, mwingine ana mshono tumboni.

Ramazani alijifunika shuka gubigubi na kunyamaza. Redio ilizimika. Alikula chini ya shuka, akanywa chini ya shuka. Mama Mwadjuma aligeukia ukutani, akajifunika kitenge usoni, na hakutoa sauti hata mshono ulipokuwa unamwaka moto. Latifa alikuwa garde-malade wa wote wawili. Alikuwa akimpikia mume, anasubiri amalize, ndipo anampelekea mama, na katikati hapo hajui atazame wapi.

"Nilitamani paa la hospitali liniangukie na mimi," Latifa anasimulia sasa, akicheka kwa aibu.

Régina hakuwepo siku hizo. Alikuwa likizo kwao Lusangi. Alirudi kazini siku ya tatu baada ya upasuaji, bado kiuno kinamuuma kwa mashimo ya barabara, na kitu cha kwanza kilichomshangaza ni ukimya wa Ramazani. Alisimama kando ya lile furushi la shuka akauliza kama ana homa.

"Niko muzuri, mama," sauti ikajibu kutoka ndani. "Mukwe iko pale."

Régina akageuka, akaona kwenye kitanda cha sita mtu aliyejifunika kitenge. Akaelewa, akatabasamu, akaendelea na mzunguko wake.

Adhuhuri, Antoine, muuguzi mwenzake, alipima wagonjwa wa upande wa wanawake. Vipimo vya Mama Mwadjuma havikuwa vizuri sana wala vibaya sana. Mashine ikavipokea na kukaa kimya, ikisubiri majibu ya damu.

Antoine alipotoka tu, Latifa alifanya jambo ambalo binti yeyote mwenye adabu wa Kasongo angeweza kulifanya. Mwisho kabisa wa safu ya wanawake, nyuma ya nguzo nene, kulikuwa na kitanda cha kumi na nne. Alikilalia Nadine, msichana wa familia ya wakulima wa jirani, aliyekuwa anasubiri kufungwa bandeji ya mkono. Latifa akamwendea kwa kunong'ona.

"Dada yangu, nisaidie. Mama yangu atakufa kwa haya pale."

Nadine hakusita, maana hata kwao Wakristo mambo ya ukwe ni yaleyale. Wakabadilishana vitanda. Ili wauguzi wasikasirike, wakakubaliana pia kwamba Nadine ajifunike kitenge cha mama, na akiulizwa jina aseme la mama. Ilikuwa ni hadi jioni tu. Latifa akamnong'oneza mumewe kwamba mama ameshahama, kisha akaenda kisimani akiwa na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mama yake afike.

Alasiri majibu ya maabara yakaingia. Hesabu ikajaa, na mashine ikapiga kelele: kitanda cha sita.

Régina alifika mbio. Akaweka mkono kwenye paji la uso chini ya kitenge, akakuta limepoa vizuri. Akashika mkono, mapigo yanakwenda taratibu. Akahesabu pumzi, hazina tatizo.

"Wewe ni Mama Mwadjuma?"

"Ndiyo," furushi likajibu.

"Unasikia maumivu?"

"Kidogo tu."

Régina alikumbuka mara zote ambazo mashine ilimkimbiza bure. Labda Antoine aliingiza vibaya. Labda maabara ilichanganya vichupa. Sharti lake alikuwa amelitimiza: amekwenda, amefika, amemwona mtu. Kidole gumba kikaelekea kwenye kitufe cha pili.

"Mama Régina!" sauti ikamwita nyuma yake. "Likizo imekunonesha! Karibu chakula!"

Alikuwa Ramazani. Shuka ameitupa miguuni, uso wazi, ameegemea mto kama bwana harusi, mdomo umejaa bukari, ugali wa huku, na sombe ya majani ya mihogo. Alikuwa anatazama moja kwa moja upande wa kitanda cha sita.

Kidole cha Régina kikasimama.

"Nilisema moyoni, ngoja kwanza," anasimulia. "Mutu wa Kasongo, mwenye akili yake, anakula namna hii mbele ya mama mukwe? Haiwezekani. Basi huyu aliye hapa si mukwe."

Akakivuta kile kitenge. Chini yake kulikuwa na sura ya msichana, macho yamemtoka kwa woga.

"Mama iko wapi?"

Nadine alielekeza kwa midomo, kule mwisho, nyuma ya nguzo.

Mama Mwadjuma alikuwa amelala kimya kama alivyolala siku zote. Mtu angepita angedhani amepata usingizi hatimaye. Lakini miguu yake ilikuwa baridi kama ya aliyesimama mtoni, pumzi zilikimbizana, na Régina alipomwita jina alifungua macho akauliza kama mtumbwi umeshafika. Régina akagusa kitufe cha kwanza.

Daktari Hervé alikuja na viatu vya chumba cha upasuaji bado miguuni. Dripu ikawekwa, dawa ya antibiotiki ikaingia mshipani, hewa ya oksijeni ikaunganishwa. Daktari alipotaka kufungua mshono ili aone ndani kuna nini, mama yule, ambaye hakujua yuko Nyangwe au Kasongo, alikishika kitenge chake kwa mikono miwili na kukataa.

"Mukwe atasikia," alisema.

Daktari alimtazama Régina. Régina hakupoteza muda kubishana na mgonjwa. Alirudi katikati ya wodi na kutoa amri ambayo wengi bado wanaisimulia: kitanda cha tisa kitolewe nje, na mtu wake, na mguu wake. Antoine akaubeba ule mfuko wa mchanga kwa uangalifu ili kamba isilegee, garde-malade wa vitanda jirani wakasukuma, magurudumu yakalia, na Ramazani akapita mlangoni akiwa amejifunika tena shuka kichwani.

"Munipeleke mbali!" alikuwa anasema kutoka chini ya shuka. "Hata barabarani! Mama alie, mimi sisikii kitu!"

Régina akarudi nyuma ya nguzo, akainama kwenye sikio la mgonjwa. "Mama, mukwe ametoka. Lia sasa."

Mama Mwadjuma akaachia kitenge. Daktari alipogusa mshono, alipiga ukelele ambao wanawake waliokuwa wanatwanga mihogo jikoni waliusikia, wakaacha michi hewani. Latifa aliusikia kutoka kisimani na kuja mbio ameangusha ndoo.

"Sijawahi kufurahi mutu akilia," Régina anasema. "Siku ile nilifurahi. Siku tatu zote alikuwa anameza kilio chake."

Usaha ulitolewa, kidonda kikaoshwa, dawa zikaendelea. Daktari hakumwahidi Latifa chochote, na Latifa hakuondoka kwenye nguzo ile. Aliniambia alijiona muuaji. Alikuwa amemficha mama yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa adabu, mahali ambapo hakuna ambaye angemtafuta.

Kesho yake asubuhi Mama Mwadjuma alifungua macho, akatambua binti yake, akatambua yuko wapi. Akaletewa uji. Akauonja, akakunja uso, akauliza ni nani aliyepika kitu kisicho na sukari namna ile. Latifa alikaa chini sakafuni akalia hadi kwikwi, na nusu ya wodi ikalia naye, kisha ikacheka.

Nilimkuta Mama Mwadjuma nyumbani kwake Nyangwe, anapima mafuta ya mawese kwa chupa, sauti yake inasikika nyumba ya tatu. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba anaumwa.

"Nitasema namna gani, na mukwe iko pale?" alinijibu, akishangaa kwamba swali kama hilo linaulizwa na mtu mzima. Kisha akaziba chupa. "Ile mashine haina mukwe. Ndiyo maana ilisema."

Ramazani alikataa kurudishwa ndani. Alikaa barazani mpaka mama mkwe alipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani, mvua ikimrushia matone, na kutoka huko aliendelea kutangaza habari za mji kupitia dirishani. Kwa mkono wa Régina alimpelekea mama mkwe kuku mweupe, ili kuondoa aibu ya kulazwa mbele yake. Sasa anatembea, anachechemea kidogo.

"Nikimuona njiani bado ninakata kona," anasema. "Ila sasa ninakata nikifurahi. Kukata kona kunataka mutu mwenyewe awe muzima."

Daktari Hervé aliwaita wauguzi wote wakae pamoja, si kulaumu, bali kutafuta dawa ya jambo lenyewe. Wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, mgonjwa akipokelewa aulizwe kuhusu wakwe, na kama wapo, wapangwe mbali tangu mwanzo. La pili ni wazo la Latifa mwenyewe, na ndilo lililoshika zaidi.

Nililiona kwa macho yangu. Karibu saa sita mchana, Régina akiwa anafunga bandeji, mashine inalia. Kitanda cha tatu. Hapohapo wodi nzima inaacha inachofanya, na garde-malade mmoja baada ya mwingine anaita jina la kweli la mtu wake kutoka kitandani kwake. "Binti Salumu yuko hapa!" "Moussa yuko hapa!" "Papa Jean-Pierre, hapa!" Hakuna aliyelala kwa jina la mwenzake. Régina anafika kitanda cha tatu, anamkuta Papa Jean-Pierre mwenyewe, anapima, anahesabu. Alikuwa amepanda ngazi za choo kwa haraka. Kitufe cha pili.

"Imenikimbiza bure tena," anasema, akifuta jasho. Haonekani kukasirika. "Iache ilie. Mimi niko na miguu."

Mchana anapopumzika, Régina ananipeleka kuona wodi ya wanawake. Kuta bado zimesimama, majani yameota sakafuni, na jamaa za wagonjwa wametandaza nguo zao zikauke pale palipokuwa na vitanda. Mabati yameahidiwa. Ana matumaini ya mashine moja kwenda Lusangi kwao siku moja, na tayari amewaomba wakubwa. Lakini akiulizwa anachotaka kwanza, anaingia ndani ya kuta hizo, anaruka ndoo ya mtu, na kusimama chini ya dirisha lisilo na fremu.

"Hapa," anasema, akinyoosha mikono kama anapima kitanda. "Mashine tuko nayo. Nataka paa na huu ukuta. Mwanamuke alale hapa, alie kwa sauti yake yote, na mukwe yake asisikie."

Kisha anaangalia saa, maana vipimo vya alasiri vinamsubiri, na anarudi wodini.